Renjifainda ya Kale: Kuihudumia Uliyo Nayo au Kuhamia ya Daraja la Juu?

Mtu mwenye renjifainda, yaani kamera ya filamu inayolengwa fokasi kwa kukutanisha taswira mbili kwenye kitazamio, kama Canonet, Yashica Electro au Olympus 35, hufika siku akaanza kuperuzi matangazo ya Leica usiku wa manane. Kamera yake inapiga picha, lakini kiraka cha fokasi kimefifia, kipima mwanga hakiaminiki, na kila anayemwuliza anamwambia "nunua M uachane na hayo," akimaanisha Leica za mfululizo wa M. Mimi ni mmoja wa wasiosema hivyo, angalau si kwa haraka. Malalamiko mengi kuhusu kamera hizi ni ya uzee tu, na uzee hauondoki kwa kununua kamera kongwe zaidi.

Tazama miaka yenyewe. Canonet QL17 G-III ilitoka 1972. Canon P, ambayo wengi huitazama kama hatua ya kupanda, ni ya 1959. Leica M3 ni ya 1954. "Mpya" yako inaweza kuwa imeitangulia ya zamani kwa karibu miaka 20, na huenda imelala kabatini muda mrefu zaidi. Usipoihudumia, umebadilisha matatizo unayoyajua kwa usiyoyajua.

Njia ninazolinganisha hapa ni tatu: kubaki na kamera ya lenzi isiyotoka na kuipeleka kwa fundi, kuhamia kamera za lenzi za skrubu, zile za M39, kama Canon P, Zorki 4 au Leica za kabla ya M, na kuhamia beyoneti (lenzi ya kuingiza na kuzungusha kidogo tu) ya Leica M, iwe Leica yenyewe au Bessa na Zeiss Ikon zilizotengenezwa na Cosina wa Japani.

Uzee au umbile?

Chukua karatasi uandike kila kinachokukera, kisha uulize: hili ni bovu, au ndivyo kamera ilivyoundwa?

Kiraka cha katikati, pale taswira mbili zinapokutana, kikiwa hafifu, mara nyingi ni vumbi na ukungu kwenye vioo vya ndani. Fundi akifungua kofia ya kamera na kusafisha kwa uangalifu, kinarudi. Kwa uangalifu, nasema, kwa sababu kuna kioo chenye utando mwembamba ambao ukisuguliwa unatoka wote, na hapo umepoteza kiraka kabisa. Michirizi myekundu au ya njano ukingoni mwa picha ni sponji za mlango wa nyuma zilizooza. Hizo hubadilishwa hata nyumbani. Shata (mlango wa kupitisha mwanga kwenda kwenye filamu) isiyofunguka, au inayofunguka kwa uvivu, ni mafuta yaliyotambaa kwenye vibati vyake. Fokasi isiyokubali kukutana ukielekeza kamera kwenye mlima wa mbali ni marekebisho tu. Kwenye Yashica Electro, usiposikia mlio wa "tak" unapovuta filamu, kuna kipande kidogo cha mpira ndani ambacho kimesagika. Ni ugonjwa maarufu wa kamera hiyo na tiba yake inajulikana.

Kipima mwanga kinastahili aya yake. Kamera nyingi za rika hili ziliundwa kwa betri za zebaki za volti 1.35, ambazo ziliondolewa sokoni kwa sababu ya sumu yake. Watu hutia ya alkali ya volti 1.5 kwa kuwa inaingia vizuri, na kipimo kinadhani mwanga ni mwingi kuliko ulivyo. Picha zinatoka na giza. Kibaya zaidi, volti ya alkali hushuka kidogokidogo kadiri inavyotumika, kwa hiyo kosa halitulii mahali pamoja na huwezi hata kulizoea. Tumia betri za zinki na hewa, zile za vifaa vya kusaidia kusikia, zenye takriban volti 1.4, au kiunganishi kinachopunguza volti ya betri ya oksidi ya fedha. Za zinki hazidumu sana zikishabanduliwa karatasi yake, lakini bei yake haiumizi. Yashica Electro ilitaka volti 5.6, na betri ya volti 6 yenye kiunganishi cha kuijaza nafasi inaitosha.

Nimewahi kuona watu wakiuza kamera kwa sababu ya betri isiyofaa. Ikiwa karatasi yako imejaa mambo ya aina hii, ulinganisho umekwisha: ihudumie kwanza, piga filamu kadhaa, ndipo uulize tena.

Lenzi

Kinachobaki kwenye karatasi baada ya kufuta ubovu ndicho cha kupima. Jambo la kwanza ambalo huduma haiwezi kulibadilisha ni lenzi. Canonet ina 40mm f/1.7 na itabaki nayo (milimita ndizo huamua upana wa picha, na f ni ukubwa wa tundu la lenzi, namba ndogo ikiwa tundu kubwa). Olympus 35 SP ina 42mm f/1.7, Yashica Electro 45mm f/1.7, Konica Auto S3 38mm f/1.8. Ni lenzi nzuri kwelikweli. Filamu ni ileile ya fremu ya 24×36mm kwenye kamera zote hizi, na kwa f/5.6 au f/8, lenzi ikiwa safi na fokasi imekaa sawa, sijaona mtu anayeweza kutazama picha iliyochapwa kwa ukubwa wa kawaida akasema kwa uhakika hii ni Canonet na ile ni Leica. Wapo wanaodai wanaweza. Wape picha zisizo na majina.

Swali basi si ubora, ni upana. Lenzi ya 35mm hutazama pembe ya takriban digrii 63, ya 40mm digrii 57, ya 50mm digrii 47. Anayetoka Canonet kwenda Leica yenye 35mm amepata digrii 6. Ni kitu, lakini si kikubwa cha kubadilisha upigaji wake. Anayetaka 28mm au 21mm kwa ajili ya vyumba vidogo na vichochoro, au 90mm kwa nyuso, huyo ana sababu ya kweli, na hakuna fundi wa kumsaidia.

Pitia picha zako za mwaka uliopita. Ni ngapi ulipotaka kurudi nyuma ukakuta ukuta? Ni ngapi zilizokatwa pembeni sana ili mtu wa mbali aonekane? Kama ni chache, lenzi za kubadilisha zitakuwa mzigo wa begi.

Na kama unachokitaka ni maua kwa karibu au ndege juu ya mti, usipande daraja ndani ya renjifainda hata kidogo. Nyingi haziendi karibu zaidi ya sentimita 70 hadi mita moja, na 135mm ndio mwisho wa lenzi ndefu zenye maana. Nunua SLR, kamera ambayo unatazama kupitia lenzi yenyewe.

Kitazamio na fokasi

Hapa Leica inastahili sifa inazopewa. Uhakika wa fokasi ya renjifainda hutegemea umbali kati ya madirisha yake mawili, ukizidishwa na ukuzaji wa kitazamio. Leica M3 ina umbali wa karibu milimita 69 na ukuzaji wa 0.91, jumla kama milimita 63. M6 ya kawaida, yenye ukuzaji wa 0.72, inapata kama 50. Zeiss Ikon ina umbali wa milimita 75 na ukuzaji wa 0.74, hivyo inafika 55 na zaidi kidogo. Bessa R2 inashuka hadi karibu 26, na Leica CL ya 1973, kamera ndogo inayopendeza mkononi, haifiki hata 20.

Nambari hizi zina maana gani kwenye picha? Kwa 40mm f/1.7 ikiwa wazi kabisa, ukimlenga mtu aliye umbali wa mita moja, kina cha fokasi ni kama sentimita 6. Kitazamio cha Canonet iliyosafishwa kinatosha kwa hapo. Kwa 50mm f/1.4 kina hicho hushuka hadi sentimita 3 hivi, na kwa 90mm f/2 ni sentimita moja na nusu, yaani jicho likiwa kali, pua tayari imepotea. Kwa lenzi kama hizo M3 inajilipia. Kwa lenzi ya 35mm f/2.8 mchana, nguvu hiyo yote umeinunua na kuiweka akiba.

Lakini ukuzaji mkubwa una gharama yake. M3 inaonyesha ndani ya kitazamio fremu, yaani mipaka ya picha, za 50, 90 na 135mm tu. Mwenye kupenda 35mm atalazimika kuweka kitazamio cha juu au kutafuta lenzi yenye vioo vya ziada vinavyokaa mbele ya kitazamio, wakati M2 ya 1957, yenye 0.72, ina fremu ya 35mm ndani. Kwa hiyo "M3 ndiyo bora" ni kauli ya mpiga 50mm. Wanaovaa miwani nao wajue kwamba fremu ya 28mm kwenye M6 inakaa ukingoni kabisa. Wengi hawaioni yote bila kuzungusha jicho. Canon P ina kitazamio cha ukubwa halisi, kiasi kwamba unaweza kutazama macho yote mawili yakiwa wazi, ila fremu zake za 35, 50 na 100mm zinaonekana zote kwa pamoja muda wote. Wengine huzoea, wengine huchukia hadi mwisho.

Nani anapima mwanga

Kuna watu huhama kutoka kamera inayowafanyia kila kitu kwenda isiyowafanyia chochote, na hawajui hivyo mpaka filamu ya kwanza irudi. M3, M2, M4, Canon P na Zorki 4 hazina kipima mwanga ndani. Canon 7 ya 1961 inacho cha seleni, na vingi vimekwisha kufa.

| Kamera | Mwaka | Lenzi | Kasi ya juu ya shata (sekunde) | Kipima mwanga |
|---|---|---|---|---|
| Canonet QL17 G-III | 1972 | 40mm, haitoki | 1/500 | otomatiki. Unachagua kasi |
| Canon P | 1959 | skrubu M39 | 1/1000 | hakuna |
| Leica M3 | 1954 | beyoneti M | 1/1000 | hakuna |
| Leica M6 | 1984 | beyoneti M | 1/1000 | ndani, kupitia lenzi |
| Bessa R2A | 2004 | beyoneti M | 1/2000 | otomatiki. Unachagua tundu |

Canonet ina kasoro ya kiumbile inayonikera: ukiiweka kwenye mkono, yaani uchague kasi na tundu mwenyewe, kipima mwanga kinazimika. Yashica Electro haina hata njia ya mkono. Unachagua tundu la lenzi, kamera inachagua kasi, na haikuambii ni kasi gani, inakuwashia taa tu ikiwa mwanga umezidi au mkono wako utatikisika. Ukiwa umefika mahali unataka kujua na kuamua mwenyewe, hilo ni dai halali la kuhama. Ila kipima mwanga cha mkononi, au programu ya simu, pamoja na Canonet kwenye mkono, hukupa uhuru huohuo kwa sehemu ndogo ya gharama.

M6 inapima kupitia lenzi kwa kutazama doa jeupe kwenye pazia la shata, na betri ikifa, shata inaendelea kwenye kasi zote. Leica iliirudisha sokoni 2022. Kwa mtu wa Yashica aliyezoea otomatiki, Bessa R2A iko karibu zaidi na tabia zake, na kasi inaonekana kwenye kitazamio. Ubaya wake ni kwamba shata yake ni ya umeme. Hakuna betri, hakuna picha. Hali ni hiyo pia kwa Konica Hexar RF ya 1999 na Minolta CLE. Kamera ya makanika tupu fundi hodari anaweza kuichongea hata kipande. Sakiti ikiungua, anabaki kutafuta kamera nyingine ya kuchinja ili apate kipuri.

Kifuniko cha lenzi nacho kinahusika, kwa sababu kitazamio cha renjifainda hakikuonyeshi kama umekisahau. Kwenye Canonet jicho la kipimo limo ndani ya pete ya lenzi, kwa hiyo ukiwa kwenye otomatiki na kifuniko kipo, kitufe kinagoma. M6 itakuonya kwa taa. M3 itakuachia upige filamu nzima ya giza.

Shata: sababu dhaifu ya kuhama

Husikika sana: "1/500 hainitoshi juani." Tufanye hesabu. Kwa filamu ya ISO 400 (ISO ni wepesi wa filamu kwa mwanga) kwenye jua kali, kanuni ya kawaida inakupa f/16 kwa takriban 1/500. Kamera ya 1/1000 inakushusha hadi f/11. Ya 1/2000, f/8. Aliyetaka kupiga f/1.7 mchana bado yuko mbali sana, na hakuna kamera kati ya hizi itakayomfikisha. Atie filamu ya ISO 100 na kichujio cha kupunguza mwanga, amalize.

Shata ya katikati ya lenzi ina faida ambayo watu huiacha bila kujua. Inakubali flashi kwa kasi zote hadi 1/500. M3 na M6 zinaishia 1/50. Ukipiga picha za watu juani na kujaza vivuli kwa flashi, kuhamia Leica ni kushuka. Tena, mapazia ya kitambaa ya Leica hutobolewa na jua: hakuna kioo cha kuyakinga kama kwenye SLR, na lenzi iliyoachwa wazi ikitazama jua huchoma tundu.

Skrubu au beyoneti

Ikiwa umebaki na sababu za kweli, njia ya skrubu ni ya akili kuliko watu wanavyodhani. Lenzi za M39 huingia kwenye bodi (kamera bila lenzi) ya M kwa pete ya unene wa milimita moja, fokasi ikifanya kazi na fremu sahihi ikitokea. Kinyume chake hakiwezekani. Kwa hiyo lenzi ya skrubu utakayonunua leo itahama nawe kesho, ilhali pesa iliyoingia kwenye bodi ghali mapema inakunyima lenzi.

Kati ya bodi za skrubu ningechagua Canon P bila kusitasita sana. Mapazia yake ya chuma mara nyingi yana mikunjo. Hayapendezi, lakini kwa kawaida hayana madhara. Leica ndogo za kabla ya M ni nzuri kama vito, ila filamu inaingia kwa chini baada ya kukatwa ulimi mrefu, na kwenye nyingi unalenga fokasi kwenye dirisha moja kisha unapanga picha kwenye lingine. Aliyezoea kupakia Canonet kwa sekunde chache ataona amerudishwa nyuma. Zorki 4 ni ya bei nafuu na ina kitazamio kikubwa, kwa sharti moja: vuta filamu kwanza ndipo ubadilishe kasi, usije ukaharibu mtambo. Na lenzi za Kisovieti kama Jupiter-8, ingawa skrubu yake inaingia, hazikupimwa kwa kiwango kilekile cha Leica na Canon. Zikifunguliwa kabisa kwa karibu, fokasi inaweza kukosea. Kwenye f/5.6 hutaona kitu.

Ningemwambia nani aende moja kwa moja kwenye M? Mpiga nyuso wa 50mm au 90mm anayetumia tundu lililo wazi: M3. Anayeishi kwenye 35mm na kujua kusoma mwanga kwa macho: M2. Anayetaka kamera moja tu kwa miaka mingi, kipimo kikiwa ndani na betri isiyomfunga: M6. Bessa ni kwa anayetaka lenzi pana, ambako renjifainda fupi haimdhuru, na hataki kulipia jina.

Ukishaamua, usiiuze ya zamani kabla ya mpya kupita mtihani. Tazama ndani ya kitazamio cha M3: giza au mawingu yanaweza kuwa gundi ya mche wa kioo iliyoachana, na matengenezo hayo si ya kawaida. Piga sekunde moja usikilize kama inazunguka hadi mwisho bila kusita. Fungua nyuma, mulika pazia kwa tochi chumba kikiwa giza, utafute vitobo. Lenga kitu cha mbali sana na kingine cha mita moja. Na muuzaji akisema "inafanya kazi, sijaijaribu na filamu," jumlisha gharama ya huduma kamili kwenye bei yake ndipo uanze kupatana.